Kuzama Pasipo Maji

Mwanafunzi asomaye vitabu vya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno immersed. Kulitamka si kazi: mkazo wa sauti huwekwa katika silabi ya pili, na ile d ya mwisho husikika kama t. Akilitafuta katika kamusi ataambiwa kwamba maana yake ni kuzamishwa, yaani kutiwa majini hata mwili wote ufunikwe. Basi hufurahi, akarudi kitabuni, akasoma hivi: "The old man was immersed in his book." Hapo hushangaa. Mzee huyo ameketi kitini, nguo zake ni kavu, wala hakuna mto, wala kisima, wala beseni mahali pale. Kuna kitabu tu. Je, amezamishwa katika nini, na nani aliyemzamisha?

Maswali hayo mawili si ya kuchekwa. La kwanza ni swali la maana ya neno, na la pili ni swali la sarufi yake; na wako watu waliosoma Kiingereza miaka mingi ambao wangali wakijikwaa katika hilo la pili.

Waingereza hawakulitunga neno hili wenyewe. Walilipokea kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambamo mergere ni kuchovya au kuzamisha. Katika shina hilo moja yamechipuka maneno mengine ambayo mwanafunzi huyaona kila mara bila kujua kwamba ni ndugu. Emerge ni kinyume cha kuzama: ni kutoka chini ya maji na kuonekana juu, yaani kuibuka. Emergency ni jambo lililoibuka ghafula, ambalo hakuna aliyelitazamia; ndiyo maana neno hilo huandikwa katika milango ya hospitali wanakopokewa wagonjwa wasioweza kungoja. Merge husemwa juu ya makampuni mawili yanapoungana, hata pengine moja likamezwa na jingine. Mwanafunzi akiishika akilini jozi ya kuzama na kuibuka, amepata maneno manne kwa jasho la moja.

Picha iliyomo ndani ya neno hili huonekana vizuri joshoni. Wafugaji wa Iringa, kama wafugaji wa mahali pengine, hupeleka ng'ombe wao joshoni ili kuwaua kupe. Josho la kuogeshea ng'ombe ni shimo refu jembamba, lililojengwa kwa saruji na kujazwa maji yenye dawa. Ng'ombe hupangwa mmoja nyuma ya mwenziwe katika njia nyembamba. Afikapo ukingoni hana pa kugeukia. Huruka, akaanguka, akazama, maji yakamfunika. Kisha huinua kichwa, akaogelea mpaka upande wa pili, akapanda huku dawa ikimtiririka ubavuni. Mfugaji mwangalifu hatazami miguu wala tumbo, hutazama kichwa. Maana yuko kupe mmoja wa rangi ya kahawia apendaye kujificha ndani ya masikio, naye ndiye aletaye ugonjwa wa ndigana kali, uuao ndama wengi. Ng'ombe akipita joshoni shingo juu, kupe huyo amesalimika, na kazi yote imekuwa bure.

Ng'ombe aliyezama hata masikio, huyo ndiye immersed. Aliyelowa miguu tu siye. Mtu aliyenyeshewa na mvua njiani siye, hata kama nguo zake zote zimeshikamana na mwili, kwa kuwa maji yalimjia, yeye hakuingia ndani yake. Hata katika ubatizo Waingereza hushika tofauti hiyo: yako madhehebu yamiminayo maji kichwani, na yako yazamishayo mwili mzima mtoni au birikani, na ni hayo ya pili tu yasemwayo kwamba hubatiza kwa immersion.

Neno likiondolewa majini na kupelekwa katika mambo ya akili, huchukua picha hiyo hiyo. Mzee aliye immersed katika kitabu chake ameingia ndani ya kitabu hata kikamfunika. Akiitwa hasikii. Chai iliyo kando yake inapoa. Mjukuu amepita mara mbili mbele yake, naye akiulizwa jioni atasema hakumwona mtu. Hapo hakuna neno la dharau wala la sifa. Ni habari tu ya mahali akili yake ilipokuwa.

Historia ina mtu mmoja ambaye maana zote mbili za neno hili, ile ya maji na ile ya akili, zilikutana katika maisha yake. Mtu huyo ni Archimedes wa mji wa Siracusa, katika kisiwa cha Sisilia, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Italia. Alikuwa bingwa wa hesabu na wa mitambo. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kila kitu kilichozamishwa majini, ama chote ama sehemu yake, husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyaondoa mahali pake. Kwa kanuni hiyo mtu aweza kueleza kwa nini jiwe huwa jepesi likishikwa chini ya maji ya mto, na kwa nini meli ya chuma huelea ilhali msumari huzama.

Mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi waliuteka mji wa Siracusa baada ya kuuzingira muda mrefu. Waandishi wa kale hawapatani katika kila neno la habari ya siku hiyo, lakini habari iliyoenea ni hii: mji ulipokuwa ukipiga kelele na askari wakiingia nyumba kwa nyumba, Archimedes alikuwa ameinama juu ya michoro yake ya hesabu, macho na akili yake vikiwa humo, wala hakutambua kwamba mji umekwisha kutekwa. Askari wa Kirumi akamwua. Mwingereza asimuliaye kisa hicho hupenda kusema kwamba mzee yule alikuwa immersed katika michoro yake. Ni vigumu kupata neno jingine litoshalo. Kusema kwamba alikuwa na kazi nyingi hakutoshi, kwa kuwa mwenye kazi nyingi husikia vita mlangoni. Na kusema kwamba alipenda hesabu hakutoshi kabisa.

Basi lipo jambo la kuangaliwa. Neno hili halitofautishi kuzama kwema na kuzama kubaya. Mwanamke wa Kihehe asukaye kikapu cha milulu hutazama kila unyasi anaoupitisha. Akikosea hesabu katika mzunguko mmoja, ua lote la kikapu litapinda, naye hana budi kufumua. Mwanamke huyo amezama katika kazi yake, na kikapu kizuri hakipatikani kwa njia nyingine. Mchungaji aliyeketi chini ya mti akicheza bao na wenziwe amezama vile vile, pengine kuliko yule mwanamke, na wakati huo ng'ombe wake wameingia katika shamba la mahindi la jirani. Kiingereza kitawasema wote wawili kwa neno moja. Kama ni sifa au ni lawama, hilo hujulikana kwa kile kitu walichozama ndani yake, na kwa kile walichokiacha nje bila mlinzi.

Sasa swali la pili: nani aliyemzamisha yule mzee?

Katika Kiingereza, kitenzi immerse hutaka mtendwa, kama kitenzi kuzamisha katika Kiswahili. Mtu huzamisha kitu: nguo, chombo, mkono wake. Lakini katika Kiswahili liko pia neno kuzama, ambalo halihitaji mtendwa wala mtu mwingine wa kutenda. Jiwe huzama lenyewe, jua huzama, mtu huzama katika mawazo. Kiingereza hakina mlango huo katika neno hili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili, aliyezoea kusema "alizama katika kazi yake," huandika kwa Kiingereza "He immersed in his work," na mwalimu humpigia mstari mwekundu. Kosa lake si la ujinga. Ameleta nyumba ya Kiswahili, akaijenga juu ya kiwanja cha Kiingereza, nayo imeanguka. Yampasa kuchagua mojawapo ya njia mbili. Aweza kuonyesha hali: "He was immersed in his work," yaani alikuwa amezama katika kazi. Au aweza kuonyesha kwamba mtu alijizamisha mwenyewe: "He immersed himself in his work." Ya kwanza yasimulia mahali akili ilipokuwa; ya pili yasimulia tendo la kuiingiza humo kwa kutaka.

Afasiriye kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hukutana na shimo hilo hilo upande wa pili. Akiona "was immersed" hudhani ni kutendwa, akaandika "mzee alizamishwa na kitabu chake." Msomaji wa Kiswahili akisoma hivyo hudhani kwamba kitabu kilimkamata mzee shingoni kikamtumbukiza kisimani. Kwa Kiswahili kizuri mzee alikuwa amezama katika kusoma, na hakuna wa kushitakiwa.

Tena kitangulizi chake ni in. Mtu huwa immersed in jambo, hawi with jambo wala by jambo. Sababu ni nyepesi kwa mwenye kukumbuka josho.

Yako maneno mengine ya Kiingereza yakaayo jirani na hili, na kuyachanganya huleta hasara, moja hasa. Neno involved kwa Kiswahili ni kuhusika. Mtu aliyefungua lango akahusika katika wizi, hata kama hakujua kilichobebwa ndani ya gunia. Na dereva aliyegongwa kwa nyuma amehusika katika ajali, ijapokuwa hana kosa lo lote. Kuhusika ni kuguswa na jambo, kidogo au sana. Immersed ni kufunikwa nalo. Katika barua ya kawaida tofauti hiyo yaweza kupita, lakini katika ushahidi wa barazani haipiti. Mkalimani akigeuza "alihusika na biashara ile" ikawa "alikuwa amezama katika biashara ile," amemtia mtu hatiani kwa neno ambalo shahidi hakulisema. Kazi ya mkalimani hulipwa kidogo, na watu huiona nyepesi. Walakini mtu aweza kulala gerezani kwa sababu ya kitenzi.

Neno drowned nalo lina hatari yake. Kiswahili husema juu ya mtu aliyeteleza mtoni, "amezama," na wasikiao huanza kulia, maana wafahamu kwamba amekufa maji. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno, akaandika kwamba baba yake "drowned in his work," atapokea rambirambi. Kwa Kiingereza drowned ni mfa maji, asiyerudi. Aliye immersed hutazamiwa kuibuka, na akiibuka huwa na kitu mkononi, kama mzamia lulu.

Hapa yafaa kutazama mali iliyomo katika Kiswahili chenyewe, maana watu wengi hudhani ya kwamba Kiingereza ndicho chenye maneno mengi, na Kiswahili huomba. Katika jambo hili Kiswahili ndicho tajiri. Palipo na neno moja la Kiingereza, Waswahili wana manne au matano, na kila moja lina pembe yake.

Kuzama ni neno pana, ambalo limekwisha kuelezwa. Kutopea limezaliwa na tope. Mtu aliyetopea ameshikwa miguu, na kila ajaribupo kuinua mmoja, wa pili huzidi kushuka; kwa hiyo hufaa sana kwa madeni na ulevi, ingawa waandishi wazuri hulitumia pia kwa mtu aliyetopea katika elimu, kuonyesha kwamba hatoki tena humo. Kubobea husemwa juu ya ujuzi: aliyebobea katika useremala si yule aliye na kazi nyingi leo, ni yule ambaye miaka imempa mkono usiokosea. Kuzama ni habari ya saa. Kubobea ni habari ya miaka.

Neno la nne ni kutosa. Kutosa ni kutupa kitu majini hata kizame. Nahodha akishikwa na dhoruba huamuru shehena itoswe baharini ili jahazi lipone. Katika mazungumzo ya vijana wa siku hizi, kumtosa mtu ni kumwacha akihangaika peke yake, na maana hiyo haiko mbali na ile ya jahazi. Lakini mtu akijitosa mwenyewe, mambo yamegeuka. Aliyejitosa katika siasa, au katika kilimo, au katika masomo, ameruka kwa miguu yake, akijua kwamba maji ni ya kina. Ndiyo ile methali isemayo kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Waingereza wasemapo "he immersed himself," Kiswahili kilicho karibu nao kuliko vyote ni hicho: alijitosa.

Mwanafunzi wa Tosamaganga ana sababu ya kulipenda neno hilo. Mahali pale, katika vilima vilivyo karibu na mji wa Iringa, jina lake hufasiriwa kutoka Kihehe kuwa ni kutupa mawe. Wako waliunganishao na vita vya mwaka 1894, Wadachi walipoipiga kwa mizinga ngome ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa Kalenga, si mbali na hapo. Iwe ni kwa sababu hiyo au nyingine, sikio la Mswahili husikia katika jina hilo kitenzi anachokijua. Kwa Mhehe maganga hutupwa. Kwa Mswahili wa pwani hutoswa, na lazima maji yawepo. Lugha za Kibantu ni kama watoto wa mama mmoja waliooa katika nchi mbalimbali: nyuso zafanana, desturi za nyumbani zatofautiana. Maji yenyewe hayako mbali, kwa kuwa Ruaha Mdogo hupita Kalenga, na mtoto atakaye kuona maana ya kutosa hana haja ya kwenda baharini.

Misheni ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini kutoka Udachi mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na mapadre wa Consolata kutoka Italia. Wageni hao wote, wa kwanza na wa pili, walikuta mlango mmoja uliofungwa, nao ni lugha. Padri asiyejua Kihehe hakuweza hata kununua mayai. Kwa watu wa namna hiyo kujitosa halikuwa neno la kamusi.

Mmoja wa watu waliojitosa kuliko wote katika lugha za Afrika ya Mashariki hakukaa Uhehe, alikaa pwani. Jina lake ni Charles Sacleux, Mfaransa, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Alizaliwa mwaka 1856, akafika pwani hii mwaka 1879, akakaa Zanzibar na Bagamoyo karibu miaka 20. Kazi yake haikuwa ya lugha peke yake, maana alikusanya pia mimea ya nchi na kuipeleka kwa wataalamu wa Ulaya. Mimea kadhaa imepewa jina lake. Lakini Kiswahili kilimshika. Mwaka 1891 alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1898 alirudi Ufaransa, na mtu mwingine angalisema kwamba kazi imekwisha. Yeye aliendelea. Mwaka 1909 alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili, na mwaka 1939, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, ikaanza kutoka mjini Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1000. Ndani yake hakuandika Kiswahili cha Unguja tu. Neno la Lamu, la Mombasa, la Pemba, la Ngazija, kila moja alilitia alama ya kwao, na mti au jani akalipa na jina lake la kitaalamu. Alikufa mwaka 1943.

Hesabu ya miaka hiyo yastahili kufikiriwa. Tangu kufika kwake pwani mpaka kamusi kubwa kutoka ni miaka 60, na zaidi ya 40 katika hiyo aliishi Ulaya, mbali na watu wasemao lugha ile. Alikuwa amezama pasipo maji. Hata leo mtu achunguzaye neno la kale la Kiswahili, lililosahauliwa na kamusi nyingine, hulikuta kwa Sacleux.

Neno immersion limepata kazi nyingine katika shule, na habari hiyo yawagusa watoto wa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1965, katika mji wa St. Lambert karibu na Montreal, nchini Kanada, wazazi wasemao Kiingereza walitaka watoto wao wajue Kifaransa barabara, kwa kuwa majirani wengi walisema lugha hiyo. Basi likafunguliwa darasa la watoto wadogo ambamo mwalimu alisema Kifaransa tupu tangu siku ya kwanza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuata watoto hao mwaka baada ya mwaka, wakaona kwamba Kifaransa chao kilikuwa kizuri, wala Kiingereza chao hakikudhurika. Habari ikaenea duniani, na watu wengi wakadhani wamepata dawa: mtumbukize mtoto katika lugha, naye atajua kuogelea.

Lakini josho lile lilikuwa limejengwa kwa uangalifu. Mwalimu alisema Kifaransa, lakini alikifahamu Kiingereza. Mtoto alipolia au kuuliza kwa lugha ya mama yake, alieleweka. Watoto wote walianza pamoja, hakuna aliyekuwa mbele ya mwenziwe. Na kubwa zaidi, wazazi waliomba wenyewe. Walijitosa.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikawa somo moja kati ya masomo. Mtoto hujifunza hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili, akazielewa. Kisha huingia sekondari, na katika mlango wa Kidato cha Kwanza lugha hubadilika. Jambo alilolijua jana kwa jina lake, leo lina jina jingine. Shule nyingi huwapa wanafunzi wapya majuma machache ya kujizoeza Kiingereza kwanza, na walimu wengi hueleza kwa Kiswahili kile kilichoandikwa ubaoni kwa Kiingereza, kwa sababu wanawahurumia, na kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumaliza somo.

Jambo hili limefikiriwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe katika Nyanda hizi hizi za Juu, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza tangu mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakukijua kiasi cha kutosha kufuata masomo yao. Hata hivyo serikali iliamua kwamba Kiingereza kiendelee, na pendekezo la tume halikutimizwa. Wako wenye hoja nzuri pande zote mbili. Mmoja husema kwamba bila Kiingereza kijana wa Iringa hatasoma vitabu vya udaktari wala kuzungumza na dunia. Mwingine husema kwamba anayesoma fizikia kwa lugha asiyoielewa hasomi fizikia wala hiyo lugha. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi hali hiyo huitwa immersion, kana kwamba ni ndugu ya darasa lile la St. Lambert. Wataalamu wa elimu wana neno lao kwa mtoto aliyetiwa katika lugha ngeni pasipo wa kumshika mkono: huliita submersion, nalo latoka katika shina lile lile la Kilatini. Kiswahili kingesema kwamba yule wa kwanza alijitosa, na huyu ametoswa.

Wako waibukao. Katika shule ya sekondari ya Tosamaganga, na katika nyingine nyingi, wamepita wanafunzi walioingia wakijua maneno machache ya kusalimia, wakatoka wakiandika Kiingereza kisichohitaji wino mwekundu. Ukiwachunguza utaona kwamba wengi wao walisoma zaidi ya walivyoamriwa: gazeti kuukuu, kitabu kisicho na jalada, maandishi ya chupa za dawa. Na mwanafunzi wa namna hiyo, afunguapo kitabu cha fizikia cha Kidato cha Kwanza katika sura ya vitu vieleavyo, hukuta kanuni ya Archimedes imeandikwa kwamba kitu kimekuwa immersed katika maji, chote au sehemu yake. Mahali hapo hana haja ya kufikiri sana, kwa kuwa neno limerudi nyumbani kwake, na maana yake ni maji tu.